Maziwa ya Bi Mwanjaa na Ukoo wa Gavana

Sisi tuliokwenda Uarabuni kabla ya simu za kugusa kioo tulisafiri kweli. Nilitoka Muheza alfajiri kwa basi la Dar es Salaam, nikalala sakafuni uwanja wa ndege wa Addis Ababa nimekumbatia begi, na kesho yake jioni nikashuka Doha, joto likanipiga usoni kama mtu amefungua tanuri la mikate. Ndani ya begi nilikuwa na machungwa ya Bi Mwanjaa. Vijana wa leo wanampigia mama video kabla ya kufunga mkanda. Habari kwamba mimi nimefika ilipita kwenye simu ya duka, ikamfikia Bi Mwanjaa akiwa ameshanisomea dua mpaka sauti imekauka.

Bi Mwanjaa si mama aliyenizaa. Mama yangu aliponizaa aliugua, akalazwa Tanga mjini miezi mingi. Bi Mwanjaa, jirani yetu, alikuwa na Zuhura mchanga. Akanichukua, titi moja la Zuhura, jingine langu. Kwa dini yetu hiyo inatosha: yeye ni mama yangu, wanawe ni ndugu zangu, na kuoana ni haramu. Nilipopata akili ya kutazama wasichana nikaijua hasara yangu. Zuhura alikuwa mzuri kuliko wote shuleni kwetu, na mimi peke yangu ndiye nisiyeruhusiwa hata kumwota.

Nakumbuka jioni za utoto wetu. Tunarudi kutoka kucheza kombolela kwenye mashamba ya machungwa, miguu imejaa vumbi, Bi Mwanjaa yuko jikoni na sufuria ya mihogo ya nazi. Hupakuliwi mpaka utaje ukoo.

"Wewe nani?" anauliza, mwiko mkononi, kana kwamba hajawahi kuniona.

"Mimi Saidi wa Athumani wa Mbwana wa Kombo, maziwa ya Mwanjaa."

Ukisahau babu unarudi nyuma ya mstari. Ukisahau maziwa utalala njaa. "Hao kina babu wana watu wengi wa kuwataja," alikuwa akisema. "Mimi nina nyinyi tu."

Doha niliendesha gari la kampuni. Tulilala Muaither, chumba kimoja na Wafula, mlinzi kutoka Bungoma. Nikapangiwa Mista Hobart, Mmarekani mzee aliyekuwa akifundisha chuo na kuishi Abu Hamour. Mji ulikuwa unachimbwa kila kona. Raundabauti uliyoizunguka Alhamisi, Jumapili huikuti. Tulishinda kwenye foleni, naye kwenye foleni alinisimulia habari za baba wa babu yake, ambaye yeye alimwita Gavana.

Gavana alizaliwa kwenye shamba la tumbaku, karne ya kumi na tisa. Alijisomea sheria mwenyewe, akachaguliwa bungeni, akaja kutawala jimbo zima. Vita vya kaskazini na kusini vikamwangusha, akarudi tena kwenye siasa, akafa kitandani kwake, na mtaa ukapewa jina lake. Kiangazi kile ukoo ulikuwa ukutane Marekani, na Mista Hobart ndiye aliyeombwa kumzungumzia.

"Mama yake alikufa akimzaa," aliniambia siku moja, tumesimama nyuma ya lori la kokoto.

"Sasa alinyonya kwa nani?"

Akafikiri. "Kwa mtumwa wao, Dina. Naye alikuwa na mwanawe mchanga, Isaka."

"Alaa, kumbe Gavana alikuwa na ndugu! Watoto wa Isaka wako wapi siku hizi? Mnatembeleana?"

Niliuliza kwa adabu tu, kama unavyomuuliza mtu hali ya nyumbani kwake. Tukavuka taa. Ndipo akasema Gavana alipooa alimuuza Isaka, akapelekwa kusini, na kwenye ukoo wao hakuna aliyewahi kuuliza aliishia wapi.

"Alimuuza ndugu yake wa maziwa?"

"Kwetu hakuna ndugu wa namna hiyo," alisema taratibu.

Nikamweleza habari za Bi Mwanjaa, Zuhura na ule mwiko. Tangu siku hiyo ikawa kila akiingia garini ananiuliza mimi nani, nami namjibu kama nimesimama na sahani. Nilipomsimulia Wafula alicheka mpaka akakaa chini. "Buda, wenzako wanafundishwa Kiingereza na wazungu, wewe unamfundisha mzungu kunyonya!"

Kisha Zuhura akapiga simu. "Kaka, mama chakula hakimpiti tena. Anakutaja wewe. Njoo upesi."

Wakati huo ulikuwa hutoki Qatar bila karatasi ya mwajiri. Nikaenda kwa mandubu, mtu wa kampuni anayeshughulikia vibali, Msudani wa makamo.

"Mama yako si alikufa mwaka jana?" akaniuliza.

Ni kweli, mama aliyenizaa alikuwa amefariki, na ruhusa ya kumzika nilishaipata.

"Huyu ni wa maziwa."

"Ya Saidi! Nyinyi madereva mkiishiwa mama wa kuzaa mnaleta wa maziwa. Shahidi wako nani hapa Doha?"

Nikatoka nimeinama. Mista Hobart, aliyekuwa akinisubiri garini, alipojua kilichotokea alishuka, akaingia ofisini, akasimama mbele ya meza kama mwanafunzi. "Saidi wa Athumani wa Mbwana wa Kombo," akasema kwa matamshi ya kuchekesha, "maziwa ya Mwanjaa."

"Wewe umelijulia wapi hilo?"

"Kwenye foleni. Mwaka mzima."

Mandubu alicheka, kisha akavua miwani. Maziwa ni maziwa, alisema, hata Omdurman ni hivyo hivyo. Lakini ruhusa yangu ilikuwa imeisha. Kilichobaki ni kuacha kazi na kutoka moja kwa moja, bila kurudi. Nikatia sahihi.

Bi Mwanjaa nilimkuta, Alhamdulillahi. Alifumbua macho akaniuliza mimi nani, nikamtajia wote. Alikaa nasi mpaka machungwa yalipoiva. Tangu hapo nimehangaika Mombasa, Maskati, Mwanza, na sijatulia. Nasikia Doha sasa ina treni chini ya ardhi na dereva anaelekezwa njia na simu, kwa hiyo hana haja ya kuzungumza na aliyekaa nyuma. Mwanangu anajua wachezaji wote wa Ulaya na namba za jezi zao. Kwenye ukoo wake anakwama kwa Mbwana.

Asubuhi niliyoondoka Doha, Mista Hobart aliendesha yeye, mimi nikakaa pembeni. Kwenye mlango wa uwanja wa ndege alinishikia begi, asiliachie.

"Niulize," akasema.

"Wewe nani?"

"Mimi Walter wa James wa Henry wa Gavana." Watu walitupita na matoroli yao, nami nikangoja, kama Bi Mwanjaa alivyokuwa akitungoja, mwiko juu.

"Maziwa ya Dina," akasema, akaliachia begi.