Mwaka Niliomkataza Mama Kumshika Mwanawe

Nilipokuwa na miaka tisa, kule Bunia, nchi ikiitwa bado Zaire, nilipewa kazi ambayo leo nisingempa mtoto yeyote: kumlinda mdogo wangu Bahati asiguswe na mama yetu mzazi.

Bahati alikuwa hajafikisha miaka miwili. Mama alipopata mimba nyingine alimwachisha ziwa ghafla, maana maziwa ya mwenye mimba, walisema, yamekwisha kuharibika. Haikupita miezi mingi, miguu ya Bahati ikavimba. Nywele zikawa nyekundu, upele ukajaa mapajani, halafu ngozi ikaanza kubanduka. Akaacha kucheza kabisa.

Koko, yaani nyanya yetu mzaa baba, alimtazama mara moja tu.

"Mama yake iko na mimba. Joto ya ile mimba ndiyo inamuunguza mutoto. Asimushike tena mupaka azae."

Sote tuliamini. Mama aliamini kutushinda, ndiyo maana hakubisha. Bahati akahamia nyumba ya koko, uani hapo hapo, hatua chache kutoka mlango wa mama. Nilimbeba mgongoni kutwa nzima, nikimlisha uji wa muhogo mtupu. Ndakala, wale samaki wadogo wakavu, alikatazwa, eti wangemzidishia upele. Jamani, alivyolia! Alikuwa anamwona mama akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, na hakuna aliyempeleka kwake.

Siku moja koko alikwenda shambani. Mama akasogea polepole.

"Leta ye, nimushike kidogo tu."

Nilimpa. Ningefanya nini, naye ni mama yangu? Bahati alinyamaza pale pale, akasinzia kifuani pake. Mama alikuwa anatokwa na machozi.

Asubuhi yake, nilipokuwa ninamwosha Bahati, ngozi ya goti lake ilibaki mkononi mwangu. Mungu wangu! Nilijua nimemuua. Sikumwambia mtu. Ila tangu siku ile, mama akisogea tu, nilikuwa ninapiga kelele: "Rudi kule! Unataka afe?" Naye alirudi, mtu mzima na tumbo lake, anafukuzwa na mimi.

Aliyetutoa humo ni jirani, Mama Neema, mfagiaji wa dispanseri. Alikuja kuomba kaa la moto, akamwona Bahati kwenye mkeka.

"Aa, hii ugonjwa si ni bwaki! Kule tunawaona kila siku. Mutoto anakosa maharagi na samaki. Haiko mimba ya mutu."

"Weye, fagia dispanseri yako," koko akamfokea, "wacha mutoto wangu!"

Lakini baba alikuwa amesikia, na kesho yake alituchukua mimi na Bahati mpaka dispanseri. Tulikaa huko majuma mengi. Walimpa maziwa, kisha maharagi ya kuponda, kisha uji wenye ndakala waliotwangwa. Siku ya ndakala sikula mwenyewe. Nilikaa nikimtazama, nikingoja afe.

Hakufa. Uvimbe ulikwisha, ngozi mpya ikaota, laini, na siku moja akacheka.

Tuliporudi nyumbani mama alikuwa amekwisha kujifungua. Alimpa koko kile kichanga haraka, akapiga magoti uani, akanyoosha mikono.

"Kuya, mutoto wangu. Kuya kwa mama."

Bahati alimtazama kama mgeni. Akajificha nyuma ya gauni langu, akaniita mimi mama.

Watu waliangua kicheko. Nami nilicheka, tena nilijivuna, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote. Siwezi kumlaumu koko. Alimpenda yule mtoto, aliogopa kama sisi. Mama naye hajawahi kunilaumu. Bora angenilaumu.

Bahati leo ni baba wa watoto wanne. Akiugua, akipata shida, simu anapiga kwangu, hata siku nimeketi na mama. Nikimaliza kuongea, mama ananiuliza, "Anasema nini?"

Ninamjibu kwamba anamsalimia sana. Mara nyingi si kweli.