Sanduku la Barua la Odera

Mwaka 1998 Rebeka alikuwa akitunza kompyuta kuu ya barua pepe katika kiwanda kimoja cha samaki huko Nyakato. Yeye ndiye aliyepanga nani aruhusiwe kufungua sanduku lipi la barua, kisha akaijaribu kila kanuni mwenyewe. Mumewe Odera, mnunuzi wa samaki wa kiwanda hichohicho, akafariki kwa malaria. Rebeka aliporudi kazini baada ya matanga, alikuta agizo la kulifunga sanduku la marehemu.

“Shemeji, niachie mimi hiyo kazi,” alisema Shimba, mwenzake wa ofisini.

“Hapana. Nitalifunga mwenyewe.”

Akaondoa ruhusa zote. Kisha, kama kazi ilivyodai, akajaribu kuingia kwa jina la Odera na neno lake la siri, ambalo lilikuwa jina la binti yao, Akeyo. Kompyuta ikamkatalia. Akajaribu kumtumia barua: “Baba Akeyo, umekula?” Ikarudi papo hapo, na maelezo kwamba hakuna mtu wa jina hilo.

“Imezuia?” Shimba aliuliza.

“Imezuia vizuri tu,” Rebeka alijibu. Akainamia meza, akalia kwa kwikwi. Shimba akavuta kiti, akakaa kando yake.