Mkono wa Kumi na Nne

Karata zenyewe hazikumuudhi Fatumo. Kilichomuudhi ni kicheko.

Zile siku ambazo mume wao, Rage, alikuwa kwa Kaaha, mke mdogo, alasiri haikupita bila kicheko kusikika. Kilivuka ukuta wa mikeka kikamfikia Fatumo jikoni kwake, mkono u ndani ya chungu. Anachekea nini huyu? Siku zake yeye Rage alifika, akala, akauliza habari za mbuzi, akalala. Alikuwa mume mwema, hakuwahi kumnyima kitu. Lakini kuchekesha, alikwenda kuchekesha kule.

Rage alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Garissa, akipeleka sukari na unga Habaswein na Wajir. Miaka ile ya vita vya mashifta hakuna lori lililothubutu kwenda peke yake. Malori yalisubiri msafara wa jeshi yaongozane nao, na kusubiri kwenyewe kulikuwa kazi. Madereva walikaa chini ya magari yao hata wakachoka kusimuliana. Ndiko Rage alikofundishwa ishirini na moja na madereva wa bara, akarudi nyumbani na karata zilizochakaa pembeni. Wa kwanza kufundishwa naye akawa Kaaha.

Fatumo alivumilia, kisha akashindwa. Siku moja aliingia kwa Kaaha bila kubisha hodi, akaketi katikati ya mkeka wao.

"Na mimi nifundishwe," akasema.

"Karibu, abaayo," akasema Kaaha, na kumsogezea mto. Hilo neno abaayo, dada mkubwa, lilimkera Fatumo. Lilimkumbusha nani mkubwa kwa miaka.

Rage akaeleza. Kila mmoja anapewa karata mbili. Unajumlisha. Picha zote ni kumi, ree ni moja au kumi na moja, upendavyo wewe. Ukitaka nyingine unasema ongeza. Ukipita ishirini na moja umepasuka, basi. Pesa hazikuwapo. Walichezea punje za buni, na mchezo ukiisha buni zote zilirudi bakulini, Kaaha akazikaanga kwa samli, wakatafuna pamoja. Rage alisema hata shehe hawezi kuona kosa hapo, ingawa hakwenda kumuuliza.

Fatumo akapata kumi na nane. Akatupa jicho kwa Kaaha: kumi na tisa.

"Ongeza," akasema.

"Fatumo, kumi na nane ni nzuri," akasema Rage.

"Yeye ana kumi na tisa. Ongeza."

Ikaja saba. Akapasuka. Rage akafunua zake, akawa na kumi na saba tu. Kaaha akazoa buni zake huku kicheko kimembana hata akafunika mdomo kwa shungi.

Ikawa hivyo kila wakicheza. Kaaha akiwa na kumi na tano, Fatumo hatulii mpaka apate kumi na sita. Kaaha akiwa na ishirini, Fatumo yuko tayari kuvunja mkono wowote mzuri ili amfikie. Siku moja Rage alijigawia bibi wawili, akawanyanyua juu. "Hata karata zinaijua nyumba hii," akasema. "Bibi wawili, na sina la kuongeza." Kaaha akacheka mpaka machozi. Fatumo akatazama ukutani.

Basi msafara mmoja ukaleta mwanamke kutoka Habaswein, naye akamwambia Fatumo kisimani, kwa sauti ya chini, kwamba mama yake haamki tena kitandani. Anakunywa maziwa kidogo, anauliza binti yake yuko wapi.

Fatumo hakumwambia mtu. Kumwambia Rage ilikuwa ni kumwambia Kaaha, kwa kuwa mambo yalivuka ukuta ule pande zote mbili. Na hakutaka kuhurumiwa na Kaaha. Afadhali kubaki na jiwe lake kifuani kuliko kusikia, pole, abaayo.

Wiki hiyohiyo Rage akasema amepewa kibali cha kumchukua mtu mmoja wa nyumbani kwake katika msafara wa Habaswein. Mmoja tu.

"Mimi," akasema Fatumo.

"Dada yangu amejifungua huko," akasema Kaaha taratibu, "sijamwona mtoto."

Rage akazishika ndevu. Mume mwenye wake wawili akisafiri hupiga kura, ndivyo alivyofundishwa tangu madrasa. Ila kura ya mwisho ya vijiti ilikuwa imeleta maneno mwezi mzima, Fatumo akisema kijiti kirefu kilijulikana mapema. Vijiti hakuvitaka tena.

"Tutatumia karata," akasema. "Ijumaa baada ya alasiri. Mkono mmoja. Atakayenishinda atapanda lori."

Fatumo alijua hali yake. Akifika kwenye mkeka ule kama alivyo, atapasuka, na mama yake atauliza tena yuko wapi. Asubuhi akachukua kibuyu cha maziwa ya ngamia, akaenda kwa mteja wake Wahu. Wahu alitoka Nyeri, mke wa Muriuki, dereva wa serikali, na ilisemekana Muriuki hakuwahi kumshinda mkewe katika ishirini na moja.

"Mama, hii karata mimi inanishinda," akasema Fatumo, kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Nifundishe bole bole."

Wahu akapangusa mikono, akaleta karata zao, wakacheza juu ya gunia la mkaa. Fatumo akapasuka. Wakacheza tena, akapasuka.

"Ngoja," akasema Wahu. "Wewe unacheza na nani?"

"Na Kaaha."

"Kaaha yuko hapa?"

"Nyumbani iko. Mke wa bwana yangu."

Wahu akaelewa. Yeye mwenyewe alilelewa katika boma la wake watatu.

"Sikiza, mama. Huchezi na Kaaha. Kaaha naye hachezi na wewe. Nyinyi wote mnacheza na yule anayegawa. Yeye akiwa na kumi na sita ama chini lazima aongeze, hata kama hataki. Ukiona karata yake ya juu ni ndogo, wewe kaa na kidogo chako. Mwache apasuke yeye."

"Na Kaaha akiwa na nyingi?"

"Hata akiwa na ishirini, inakupunguzia nini?"

Fatumo alirudi na kibuyu kitupu na swali hilo. Njia nzima alilijibu. Inanipunguzia. Inanipunguzia, wewe mwanamke wa nchi ya baridi, hujui tu.

Ijumaa wakaketi. Rage akagawa. Yake ya juu ilikuwa sita, ya pili ameilaza kifudifudi. Kaaha akapata kumi na tisa, akaweka kiganja juu yake. "Nimetosheka," akasema.

Fatumo akafunua zake. Kumi na nne.

Ilikuwa aibu kuitazama, kumi na nne kando ya kumi na tisa. Aliona jinsi Kaaha alivyokaa, mgongo umenyooka, hina ya vidole bado mbichi. Neno ongeza lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno. Akamwazia Kaaha ndani ya lori, kioo kimeshushwa, shungi lapepea, Rage anamsimulia habari za barabara, na kile kicheko kinaenda nacho mpaka Habaswein, kinapita mlango ambao mama yake amelala ndani yake.

"Fatumo, niongeze?" akauliza Rage. Mkono wake ulikuwa tayari umegusa karata, kwa mazoea.

Fatumo akaitazama ile sita. Akaitazama peke yake, kwa nguvu, kama mtu anayevuka mto asiyetaka kuangalia maji.

"Acha," akasema.

Kaaha akainua uso. Rage pia.

Rage akafunua aliyoilaza: bibi. Kumi na sita. Hana hiari. Akavuta nyingine, ikaja nane. Amepasuka.

Kisha Rage akazitazama karata za upande huu na za upande ule. "Mmenishinda wote," akasema. "Sikufikiria hilo. Tucheze tena."

"Hapana," akasema Fatumo, akaweka mkono juu ya karata. Mkono mwingine wa namna ile hakuwa nao. Na kwa mara ya kwanza aliona wazi kwamba ile kumi na tisa haikuwa imechukua chochote kwake. Akamgeukia Kaaha, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Mama yangu haamki. Ananiulizia. Niachie safari hii."

Kaaha hakusema pole. Uso wake ulibadilika ukawa wa hasira. "Tangu lini?"

"Tangu msafara uliopita."

"Na umekaa ukuta mmoja na mimi, umenyamaza? Ungekuwa umeniambia ningekufungia mzigo siku hiyohiyo." Akasimama, akachukua bakuli la buni, akaenda kuzikaanga bila kumsubiri mtu, akizikoroga kwa kishindo. Zilipopoa akazitia kwenye kikopo, akamwekea Fatumo juu ya mzigo wake wa safari.

Fatumo akafika Habaswein na vumbi la njia nzima, na mama akamjua. Akamnywesha maziwa, akamwekea kiganjani punje chache kutoka kwenye kile kikopo cha buni. Kikongwe akatafuna polepole, kwa fizi zaidi kuliko meno, kisha akafungua macho.

"Hizi kakaanga nani? Si wewe. Wewe huziunguza, tangu utotoni."

Fatumo akakaza kifuniko cha kikopo. Akakilegeza tena. Jina lile lilikuwa zito kulitoa katika nyumba hii, ambayo hadi sasa ilikuwa yake peke yake.

"Kaaha," akasema. "Mke mwenzangu."

"Ana mkono mzuri," akasema mama. "Ongeza."

Fatumo akaongeza.