Picha Ambayo Simo

Mdogo wangu alinitaka nimpelekee majani yaliyoanguka. Si udi, si dhahabu, si simu. Majani. Nilikuwa nimeinama kwenye choo cha wageni na brashi mkononi, sauti yake inatoka kwenye mfuko wa aproni: "Dada, nataka picha yako ya autumn. Zile za majani mekundu, umevaa koti, umekaa kwenye benchi. Theluji najua hutaipata. Lakini majani, dada, majani yanakushinda wapi?"

Nikausikiliza ujumbe mara ya pili, nikadhani ana homa. Mimi niko Jida. Jida kuna joto, kuna joto lenye jasho, halafu kuna wiki chache ambapo madam anafungua dirisha na kusema leo kuna ubaridi. Hata kwetu Mombasa hatuna kitu hicho. Kwetu vuli ni mvua ndogo, watu wanatega ndoo chini ya bati. Mambo ya majani kupukutika kwa urembo tumeyaona kwenye kalenda za benki tu.

Nikampigia. Ndipo akanieleza, tena kwa sauti ya mtu anayekufanyia hisani. Ameposwa na watu wenye jina, watu wa nyumba ya ghorofa, na mama wa mchumba alipouliza habari za ndugu, yeye akajibu kwamba dada yake mkubwa yuko Kanada, anasomea uuguzi. Sasa harusini kutakuwa na meza ya picha za familia, na yangu lazima iwepo, tena iwe ya Kanada.

"Wakijua wewe ni shaghala Saudia wataniacha, dada. Wallahi wataniacha. Wale si watu kama sisi."

Shaghala ni mtumishi wa nyumbani. Jina hilo nimeitwa na watoto wa bosi, nimeitwa na mwenye duka la kona, na sikujali. Sikutegemea kuitwa na kitoto nilichokibeba mgongoni kikanikojolea kila kanga niliyokuwa nayo. Ada yake ya shule ilitoka kwenye vyoo hivi hivi. Fadhila ya punda ni mateke, lakini hata punda hukuangalia kwanza. Nilimtukana matusi ambayo mama akiyasikia ataniosha kinywa kwa sabuni. Nilipomaliza akasema, "Basi dada, mwisho wa mwezi ujao, usisahau koti," akakata simu.

Nilikaa kitako juu ya ndoo, nimefura, na humo humo katika hasira yangu nikaanza kuwaza nitayapata wapi majani mekundu. Damu ni nzito kuliko maji, na ndiyo maana inachafua.

Nilianzia Riyadh, kwa kuwa wiki ile madam alikwenda kumtembelea mamake huko nami nikapakiwa pamoja na mizigo. Riyadh ina baridi ya kweli, kavu, inapasua midomo. Yule bibi mzee aliniona natetemeka uani, akanitupia koti la sufu la zamani linalonuka dawa ya nondo. Nikasema alhamdulillahi, koti limepatikana. Na pale uani kulikuwa na mkomamanga unaogeuka manjano. Alasiri, walipolala, nikatoka na simu yangu yenye ufa. Nikaokota majani mazuri mazuri, nikayafunga moja moja kwenye uzi mweusi, ili nikiyaning'iniza yaonekane yanaanguka. Ujanja huo niliuona kwenye video ya kijana mmoja anayefundisha kupiga picha bila gharama.

Kumbe bibi hakulala. Alikuwa dirishani ananitazama, mtumishi wa Kiafrika amechutama chini ya mti wake anafunga majani kwa uzi na kunong'ona. Lo! Alipiga ukelele mtaa mzima ukausikia: "Sihiri! Sihiri!" Mnajua maana ya neno hilo kwenye nyumba za watu? Mtumishi akituhumiwa uchawi, halas, harudi kwao kwa miguu yake. Walimwaga begi langu sakafuni. Walipekua mpaka pedi zangu. Madam alinyang'anya simu, akaona video ya yule kijana na majani yake, akamwonyesha mamake mara tatu ndipo yule mzee akatulia. Hakuniomba radhi. Alisema mti uliguswa, basi mti ukatwe, na kesho yake ukakatwa. Nilirudi Jida na koti, bila jani hata moja, na chuki ya autumn ambayo hakuna Mkanada aliyewahi kuwa nayo.

Majani yenyewe, Mungu ana vituko, yalikuwa yananisubiri nje ya geti. Nyumba ninayofanyia kazi iko mtaa wa Al-Hamra, na kando ya ukuta wake kuna mkungu, mti ule ule wa kungu ulioko kisimani kwetu. Mkungu ukifika wakati wake, majani yake mapana yanageuka mekundu kama kitambi cha kujifunga, mengine ya chungwa, mengine nusu kijani nusu damu, halafu yanaanguka mchana kutwa. Nilikuwa nayafagia kila asubuhi nikiyalaani. Madam hutoka na kikombe cha kahawa kusimama juu yangu: "Yalla, nadhafa, nadhafa!" Ukimaliza kufagia upande huu, upande ule yameshaanguka mengine. Siku moja nikasimama na ufagio, nikaliangalia jani moja usoni kama mtu unayemdai radhi. Nikasema, wewe. Kumbe ni wewe.

Nikaacha kuyatupa. Niliyatia kwenye mifuko ya taka nikaificha darini nyuma ya tangi la maji, kwa kuogopa yale mambo ya Riyadh. Ijumaa moja wenye nyumba walikwenda baharini, na shoga yangu akaja. Huyu ni Mkenya wa bara, anaishi mtaa wa Ghulail, anafanya usafi wa kibarua nyumba ya jirani kila Ijumaa. Alikuja na kofia ya sufu aliyoazima kwa fundi mmoja mtaani kwao. Aliponiona nimevaa koti lile kwenye joto lile, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Aki wewe utakufa hapa, na nitawaambia nini watu wako? Ati aliuawa na Kanada?"

Tuliweka ubao juu ya madebe mawili ya rangi, tukaufunika shuka la kijivu, ikawa benchi. Tukamwaga majani. Tukayanyunyizia maji kwa ile chupa ya kusafishia vioo, yakang'aa. Sinia la foili lililobakia la wali wa kabsa, nililisugua likawa kioo cha kunirudishia mwanga usoni. Tukasubiri jua lilegee baada ya alasiri. Shoga yangu akawa anapiga, mimi natabasamu, jasho linashuka mgongoni mpaka kwenye soksi.

Hatujafika mbali akatokea mwanamume wa nyumba ya mbele, kanzu nyeupe, funguo za gari mkononi. "Mafi sura! Mafi sura!" Yaani hakuna kupiga picha. Alidhani tunapiga picha geti lake. Akasema atamwambia bosi. Shoga yangu akamwonyesha majani, akamwonyesha benchi, akamwapia kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, hakusikia. Akasimama pale pale ahakikishe tunaondoka. Basi ilibidi shoga yangu alale chini kifudifudi, simu karibu iguse ardhi, ili lisionekane geti wala ukuta wala viyoyozi wala ule ukingo wa barabara wa manjano na nyeusi. Alipiga harakaharaka. Halafu nikainuka kwenye benchi kukusanya vitu, naye akapiga moja ya mwisho ya benchi tupu, majani mawili yanaanguka yenyewe, bila uzi.

Siku ile niliyaelewa mafunzo yote ya yule kijana wa video. Picha nzuri ya mtu asiye na kitu ni kuficha tu. Unaficha geti, unaficha jasho, unaficha mwenye geti anayekutukana.

Nikazituma. Moja nimo, nimeegemea, kofia imekaa upande, nimependeza, na nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kusema. Nyingine ile ya benchi tupu. Mdogo wangu alijibu kabla sijavua koti. Kwanza akasifu majani: "Mashallah, majani ya kizungu mazuri hivi!" Amekula kungu tangu hajaota meno, kokwa zake amezipasua kwa jiwe kwenye kizingiti cha mama, na hajui jani lake. Halafu akaandika:

"Lakini dada, usoni umechoka sana. Watu wa Kanada hawachoki hivyo. Nitaitumia ile ambayo humo."

Nililia. Sitawadanganya kwamba nilijikaza. Nililia nikiwa na koti la watu mwilini, shoga yangu akafagia majani yote peke yake. Na kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba ile ambayo simo ilikuwa nzuri zaidi kweli.

Siku ya harusi nilikuwa chumba cha kufulia. Mama alinipigia simu ya video kutoka ukumbi wa wanawake, anaishika simu kama sahani ya moto, mara naona dari, mara sikio lake. Mama hakuwa ameambiwa habari ya Kanada. Mdogo wangu alimficha, kwa kuwa mama ukimpa siri asubuhi, adhuhuri iko sokoni. "Tazama, halua. Tazama, biharusi." Nikamwona mdogo wangu jukwaani, hina mpaka kwenye viwiko, kama malaika, mwongo yule. Nilitaka kumzaba kofi na kumbusu kwa pamoja.

Kisha mama akafika kwenye meza ya picha. "Na hapa wameweka..." Akainama kutazama. "We mwanangu, haya si majani ya mkungu? Mbona wameweka mkungu kwenye fremu?"

Nikasema, "Mama, pita, nionyeshe chakula." Sauti nyingine ikadakia, ya mwanamke mtu mzima: "Hapo ndipo Kanada, dada yangu, anakosomea mwanao mkubwa."

"Kanada gani?" mama akasema, na mama hajui kunong'ona. "Mwanangu yuko Jida. Huyu hapa, nazungumza naye."

Akaigeuza simu. Nikajikuta uso kwa uso na mama wa bwana harusi, dhahabu shingoni, macho kwenye aproni yangu, kwenye glavu za mpira, kwenye mashine inayozunguka nyuma yangu. Nyuma yake nilimwona mdogo wangu amesimama jukwaani, ameshika shela kwa mikono miwili. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikuwahi kuomba iishie kwangu. Nikasema moyoni, basi, wamemwacha, na atasema mimi ndiye.

"Uko Jida kweli?" yule mama akaniuliza.

"Kweli, mama."

"Unafanya nini huko?"

"Kazi za ndani. Nafua, napika, nasafisha."

Ngoma ilikuwa inapigwa kwa mbali. Kisha akaisogeza simu karibu mpaka nikaona wanja wake umeanza kulowa.

"Kutoka hapo mpaka Makka ni mbali?"

"Si mbali. Ni kama saa moja kwa gari."

"Na umewahi kuingia? Umeiona Kaaba kwa macho yako?"

"Nimeiona, mama."

Alifunika mdomo kwa ukingo wa mtandio. "Subhanallah," akasema. "Mtu anaye ndugu jirani ya Nyumba ya Mungu, na sisi tumewekewa majani."

Akaichukua fremu ile akailaza kifudifudi. Madam alikuwa ananiita kutoka chini kwa mara ya pili, nikashuka.

Harusi haikuvunjika. Mdogo wangu hakunipigia kunishukuru wala kuniomba radhi wala kunitukana. Kimya, siku baada ya siku, nami nikasema heri, na nikafagia mkungu wangu. Kisha ikaja sauti yake kwenye mfuko wa aproni, tamu kama kashata, kana kwamba hakuna lililopita kati yetu: "Dada yangu kipenzi! Mama mkwe hazungumzi jingine ila wewe. Anaomba dumu la zamzam, ukipata mtu anayerudi. Na anataka picha yako ukiwa Makka, dada, wewe mwenyewe, uso uonekane vizuri, ataiweka sebuleni. Koti usivae."

Nikavua glavu, nikaketi juu ya ndoo yangu, nikamwandikia taratibu ili nisikosee herufi hata moja.

"Zamzam nitaleta. Picha pia nitakutumia, mdogo wangu. Ile ambayo simo."