Mkorogo wa Bi Harusi

Nimefundisha baiolojia miaka mingi hapa Bukoba, na somo la ngozi nalifundisha bila kufungua kitabu. Nawapeleka wanafunzi kwenye kibanja cha jirani na shule, nawaonyesha matandazo chini ya migomba. Nawaambia, haya majani makavu ndiyo rangi nyeusi ya ngozi zenu. Yapo hapa ili jua lisiukaushe udongo. Sasa mkulima akiyakusanya yote na kuyachoma, eti anataka kibanja chake kionekane kisafi, mnamwitaje? Darasa zima hujibu kwa sauti moja: mjinga. Miaka mitatu baadaye nakutana na wasichana hao hao sokoni, nyuso zao zina rangi ya chungwa bivu na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, na wananipa shikamoo bila haya hata kidogo.

Ujinga wa mtaani niliuzoea. Ulionishinda ni ule ulioingia nyumbani kwa kaka yangu, kijijini Kanazi.

Binti yake wa kwanza alichumbiwa na kijana wa Kimwani, wilayani Muleba, tukaitwa kupanga harusi. Kwetu Wahaya, shangazi ndiye mwenye kazi ya kumwandaa bi harusi. Anamweka ndani wiki kadhaa, anamlisha, anamfundisha mambo ya ndoa, anampaka samli mpaka ang'ae. Shangazi ni mimi. Nami niliwekwa ndani zamani zangu, na sina hadithi tamu ya kusimulia. Nilinuka samli kama chungu, nilikula ndizi na maharage, nilikunywa maziwa, nikalala mchana. Nilipotolewa nje wakasema nimetakata kwa dawa za mabibi. Dawa gani? Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimemaliza mwezi mzima bila kushika jembe juani. Ngozi ukiipumzisha hujitengeneza yenyewe. Chini inazaa chembe mpya, juu inapukutisha zilizokufa, na mafuta yanaizuia isipoteze maji. Huo ndio uchawi wote.

Wifi yangu, mama wa binti, hakutaka samli. Alisema samli ni ya washamba. Huyu ni mwanamke anayevaa wigi hata akienda kukata majani ya ng'ombe, na sababu yake naijua. Kwa miaka mingi alipaka dawa ya kulainisha nywele na kukaa nayo mpaka kichwa kiwake moto, akiamini kwamba ikiwasha ndipo inafanya kazi, kisha juu ya vidonda akasuka rasta za kubana. Unywele unaouona nje umekufa tayari. Ukiuunguza utakatika na mwingine utaota. Lakini mzizi uko hai ndani ya ngozi, na ukiuvuta na kuuunguza kila mwezi unachoka, kovu linaziba mahali pake, na hapo hakuna dawa. Paji la uso la wifi sasa linaishia utosini. Mtu huyo ndiye aliyesimama kikaoni kutufundisha urembo.

Alitoa kopo lililokuwa la siagi. Ndani mlikuwa na kitu cha manjano chenye harufu ya limau lililooza, alichonunua kwa mwanamke mmoja sokoni Bukoba. Mwanamke yule huchanganya krimu za aina tano sita kwa mwiko, anakuuliza shida yako ni nini na hasubiri jibu. Niliwaambia wote waliokuwepo kwamba juu ya kopo lile hapakuandikwa jina la kitu hata kimoja. Nikasema mikorogo ya namna ile mara nyingi ina zebaki, au dawa kali ambazo daktari huandika kwa siku chache tu, kwa ugonjwa anaoujua. Huchubua tabaka la juu, huifanya ngozi iwe nyembamba, na huua ile rangi inayoikinga. Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya kazi yangu. Nikaongeza kwamba mtu aliyeshindwa kutunza nywele zake mwenyewe asikabidhiwe ngozi ya mtoto.

Wifi hakukasirika. Aliwageukia wazee akasema, kwa Kihaya, tena polepole ili kila mtu apate, kwamba mwalimu anajua kila kitu kinachokaa ndani ya mwili wa mtu, ila hajui namna ya kumfanya mume akae ndani ya nyumba. Watu walicheka. Kaka yangu naye alicheka, punje za kahawa ya kutafuna zikiwa bado mdomoni. Nilichukua mkoba wangu, nikawaambia watafute shangazi mwingine, nikaondoka.

Siku kama kumi baadaye binti alinipigia simu. Nilikuwa nasahihisha mitihani.

"Shangazi, uso unawasha sana," alisema. "Mama anasema ndiyo inafanya kazi. Niache au niendelee?"

Katika rundo zima lililokuwa mezani kwangu hapakuwa na swali rahisi kama lile. Jibu lake ni neno moja.

"Waulize waliokupaka," nikamwambia, nikakata simu. Alipiga tena mara mbili, nikaiacha iite. Nakumbuka vizuri kwamba nilijisikia raha, na chai niliyokunywa baada ya hapo ilikuwa tamu.

Harusi ilifana. Bi harusi alishuka kwenye gari uso ukiwa mweupe na masikio meusi, watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikaa nyuma kabisa. Wifi alipita mbele ya meza yangu mara tatu bila sababu, wigi jipya kichwani. Nilikula nyama yake huku namdharau, nikarudi zangu mjini kusubiri. Ndiyo, nilisubiri. Nilijua kitakachofuata, na nilitaka kije upesi ili watu wote waone nani alisema kweli.

Kilikuja mwezi wa nne baada ya harusi. Kimwani si Kanazi. Kule ni tambarare, jua ni kali, na shamba la mahindi halina kivuli cha mgomba. Lile kopo lilikwisha, na wa kulijaza hakuwepo. Kaka alinipigia, sauti imenywea. Alisema uso wa binti umevimba na kutoa vipele, mashavu yana mabaka meusi na yameota vinyweleo, jua likimgusa kidogo tu analia. Majirani wa huko wanasema watu wa Kanazi walionyesha bi harusi mmoja wakapeleka mwingine. Akaniomba niende kumwona, kwa sababu mke wake anaona aibu kwenda. Nilimwacha aombe mara mbili ndipo nikakubali.

Njia nzima nilipanga hotuba. Ya binti ilikuwa fupi, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ya mama mkwe wake ilikuwa ndefu, kwa maana nilishamwona harusini. Alikuwa mwanamke mwenye visigino vilivyopasuka, ambaye kwenye cheti cha ndoa, kama shahidi, aliweka dole gumba. Nilikuwa na hakika amemsiliba mtoto wetu majivu, au anamsimanga kutwa. Kwenye mkoba nilibeba kofia pana, mafuta ya mgando yasiyo na manukato, na mafuta ya kukinga jua yaliyoagizwa Mwanza. Nilikwisha kuamua kwamba nitamchukua, nitampeleka kwa daktari wa ngozi, atakaa kwangu mpaka apone, na ukoo mzima utajua shangazi ni nani.

Nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba, upande wa kivuli, anachagua maharage kwenye ungo. Alikuwa amevaa shati la mumewe la mikono mirefu na kofia ya majani yenye ukingo mpana. Mabaka yalikuwepo, lakini uvimbe ulikuwa umeshuka, na usoni hapakuwa na kitu ila mafuta ya mgando. Mama mkwe alitoka ndani akifuta mikono.

"Karibu waitu, mwalimu," akasema, kwa lile neno letu Wahaya la heshima, akanipa kiti, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mgeni wa heshima.

Nilianza kumhoji kabla sijaitia kahawa mdomoni. Alinijibu kwa upole ulioniudhi. Alisema shambani wanamruhusu asubuhi na mapema, na tena jioni jua likishapoa, katikati ya hapo anafanya kazi za kivulini. Uso anaunawa kwa maji baridi na sabuni isiyo na harufu. Kioo yeye mwenyewe amekiondoa ukutani kwa sababu binti alikuwa anajiangalia na kulia. Na mgeni yeyote akiuliza habari za ule uso, anapewa chakula, halafu anaombwa aende kwake. Nilitafuta kosa la kusahihisha. Mwanamke ambaye hakukaa darasani hata siku moja alikuwa amefanya yote ninayoandika ubaoni, na moja au mawili ambayo sikuwahi kuyafikiria.

Nikamgeukia binti, maana kwake bado nilikuwa na la kusema.

"Kafunge nguo zako," nikamwambia. "Kesho nakupeleka kwa daktari wa ngozi."

Hakuinua kichwa. Alitoa maharage mawili mabovu, akayatupa kando.

"Nimeshaenda, shangazi. Mama alinipeleka. Tulikaa foleni siku mbili."

Nilishangaa, nikauliza wifi alipata wapi ujasiri wa kwenda kukaa hospitalini na mtoto aliyemharibu.

"Si yule," akasema. "Mama huyu."

Mama mkwe alijifanya hakusikia. Alisogeza kiti changu kidogo, jua lilikuwa limenifikia miguuni.

"Daktari aliona ajabu," binti akaendelea, na vidole havikusimama kwenye ungo. "Alisema ningeacha zile siku za kwanza kabisa, ilipoanza kuwasha, nisingefika hapa. Akauliza kama kwetu hakuna hata mtu mmoja aliyesoma, ambaye ningeweza kumuuliza. Nikamwambia hakuna."