Kona ya Upande wa Baba Mkwe

Asikuambie mtu kwamba treni ya mezani ni mchezo. Miaka ile ya tisini, kwetu Shianda, iliniogopesha kuliko uchungu wa kuzaa.

Ilikuwa ya baba mkwe wangu, fundi wa reli mstaafu. Alipoondoka kazini, mkubwa wake alimpa injini ndogo na reli zinazokunjika kwa mkono, zikakaa sandukuni miaka yote. Sasa macho yake yalikuwa yanafifia, na kesho yake alikuwa apelekwe kupasuliwa. Daktari hakuahidi kitu. Mzee alitaka aione ikizunguka, basi. Mume wangu alikuwa kiwandani, kwa hiyo kazi ikaniangukia mimi.

Aliketi kwenye pembe ya meza akanielekeza. "Piga msumari, funga uzi, chora duara. Injini hii ni ndefu, mama. Kona ikiwa kali, inaruka."

Upande wangu niliikunja kona pana, ikajaa meza. Lakini upande wake? Kwetu mke wa mwana hamkaribii baba mkwe, sembuse kuinama magotini pake. Nikanyoosha mkono kwa mbali, nikaikata kona mapema nisimfikie. Nilijua ni kali. Nikamwachia Mungu.

Niliunganisha nyaya kwenye betri ya gari. Injini ikapita kona yangu salama. Ilipofika upande wake, magurudumu ya mbele yakapanda juu ya reli, ikaserereka kuelekea ukingoni. Chini ni saruji tupu. Sijui nilirukaje. Nilijikuta nimeidaka, na mkono wangu mwingine uko juu ya goti la mzee.

Mama mkwe alikuwa mlangoni na chai. Akageuka, akarudi jikoni. Nilitamani ardhi inimeze. Maji yamemwagika, niliwaza, kesho narudishwa kwa wazazi wangu.

Mzee akauliza, "Imevunjika?"

"Hapana, Baba."

"Basi njoo huku uipanue kona. Kesho sijui nitaona nini."

Nikapiga magoti kando ya kiti chake, nikaufunga uzi upya kwenye msumari. Pumzi yake ilinigusa kisogoni. Nilimwogopa yeye, niliiogopa injini, na kule jikoni mama mkwe alikuwa akigonganisha sufuria.

Tukaiwasha tena. Iliingia kona ile polepole, ikapita mbele ya pua ya mzee, ikaendelea.

"Nimeiona," akasema, na mkono wake ukanishika bega. Niliganda pale chini, nikiomba mama mkwe asirudi na chai.