Bado Inasukutua

Fundi picha wa mtaani kwetu ana vidole vya rangi zote. Mkewe ameshakata tamaa ya kuvisugua. Akitoa wino wa rangi kwenye printa na kuweka mweusi, karatasi za mwanzo huwa haziaminiki, kwa sababu hutoka na mabaki ya ule wa zamani. Hizo huzichana. Mteja akimharakisha, hujibu bila kugeuka, "Subiri, mama, bado inasukutua."

Jana bibi mmoja alileta kipicha cha marehemu mumewe, akataka kikuzwe kwa rangi nyeusi na nyeupe, akitundike sebuleni. Karatasi ya kwanza ikatoka na wekundu hafifu uliopita katikati, juu ya mashavu. Fundi akacheka kidogo kwa aibu, akaishika kwa mikono miwili tayari kuichana.

"Usiichane, mwanangu," bibi akasema. "Nikimtania alikuwa anaiva mashavu hivyo hivyo."

Fundi akaitazama tena. Akaanza kuipuliza polepole ikauke, kama anayempozea mtoto uji. Kisha akanyoosha mkono akaizima printa, kabla haijamaliza kusukutua.